Treni Imepita Salama, Nani Kajua?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa reli: wa njia, wa chumba cha ishara, madereva, wakaguzi wa mabehewa. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: miaka yote hii relini imekuwa ya nini? Tumechagua sita na kuzifupisha. Majibu yametolewa na watu wa fani, na kama mtakavyoona, wameshindwa kuzungumzia maana ya kazi bila kuizungumzia kazi yenyewe. Tumewaachia.

Nina miaka 27 kwenye genge la njia. Nakaza vibanio, nashindilia kokoto, nazibua mifereji. Mwaka ukizunguka narudi pale pale. Rafiki yangu aliyeingia ujenzi huwatembeza wanawe akiwaonyesha majengo yake. Mimi wangu niwaonyeshe nini?
*Fundi njia*

Waonyeshe kilomita moja, halafu wahesabie. Mataruma, yaani yale magogo ya mbao, chuma au zege yanayokaliwa na reli, yakipangwa kila sentimita 60, kilomita moja inabeba mataruma 1,667 hivi. Kila taruma hushikwa na vibanio vinne, viwili kwa kila reli. Hivyo ni vibanio zaidi ya 6,600. Genge lenye kilomita kumi linatunza vibanio zaidi ya 66,000, na hakuna abiria aliyewahi kufikiria hata kimoja.

Rafiki yako hujenga kitu kinachotulia. Wewe unatunza kitu kinachotaka kuondoka. Chuma cha reli hurefuka kwa kiasi cha milimita 0.0115 katika kila mita, kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Kilomita ya reli iliyochomelewa mfululizo, ikipata joto digrii 30 juu ya lile ililofungiwa, ingetaka kurefuka sentimita 34 na nusu. Haina pa kwenda, kwa hiyo inasukuma. Kwenye reli ya kilo 60 kwa mita, msukumo huo ni karibu tani 55 kwa kila reli, na reli ziko mbili. Kinachoizuia njia isijinyonge kama nyoka ni vibanio, uzito wa mataruma, na zile kokoto ulizozijaza kati ya mataruma na kwenye bega la njia. Ndiyo maana kuchimbua kokoto jua likiwa kali ni kosa la kuangusha treni. Beleshi lako la saa kumi alasiri limeshika zaidi ya unavyodhani.

Sasa hilo la kurudi pale pale. Hapa tutakuwa wakali kidogo. Kuna kurudi kwa kawaida, kwa kuwa njia yoyote inayobeba treni huzama taratibu. Lakini kuna kipande kinachokuita kila mwaka kwa sababu kila mwaka unakitibu homa na kukiachia ugonjwa. Inama ukitazame. Kokoto zilizozunguka taruma zina vumbi jeupe? Zinasagana, maana yake taruma linacheza. Treni ikipita tope linaruka? Kuna maji chini, na kokoto zimeshachanganyika na udongo. Ukishindilia hapo bila kuyatoa maji, umejipa likizo ya wiki chache tu.

Anza na mfereji. Kisha toa kokoto chafu pembeni na chini ya mataruma, weka safi, inua kwa jeki kwa kiasi ulichopima (jicho peke yake halitoshi), na ushindilie chini ya reli, ndani na nje, pande zote mbili za taruma. Katikati ya taruma acha kokoto legevu. Taruma lililokalia tumbo huyumba kama ubao wa bembea, na la zege hupata ufa katikati. Treni kadhaa zikishapita, rudi upime tena. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu jua linakuwa limezama na gari la kurudi kambini linasubiri.

Nunua daftari. Andika tarehe, kilomita na nguzo, ulichokikuta, ulichodhani ni chanzo, na ulichofanya. Acha safu moja tupu ya tarehe ya kurudi. Baada ya miaka miwili angalia mistari ambayo safu hiyo bado ni tupu. Wanao wakiuliza, wapeleke kwenye mojawapo ya sehemu hizo wakae mbali salama na njia, treni ipite, nao wasione kitu.

Nafanya zamu za usiku kwenye chumba cha ishara. Maneno yale yale, vitufe vile vile, miaka 14. Nahisi nimekuwa mashine. Nifanyeje nipate tena ladha ya kazi?
*Mwashiria*

Kwanza, usitafute ladha kwa kubadilisha maneno. Yamekaushwa makusudi. Ujumbe unatolewa, anayeupokea anaurudia wote, aliyeutoa anathibitisha. Sababu ni kwamba sikio lililozoea husikia linachokitarajia. Kama kila usiku treni ya kwanza ni ile ile, siku itakapotangulia nyingine ubongo wako utasikia namba ya jana. Ukijibu kwa “sawa sawa” hakuna wa kukushtua.

Wajapani wana desturi ya kunyoosha kidole na kutamka. Mwashiria au dereva hukitazama kifaa, hukinyooshea kidole, husema kwa sauti hali aliyoiona, ndipo hutenda. Mgeni akiona hucheka. Lakini jaribio la taasisi ya utafiti wa reli ya Japani mwaka 1994 lilikuta makosa yakishuka kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila vitendo 100, kwenye kazi rahisi ya kubonyeza vitufe. Inapoharibika ni pale kidole kinapoelekea kwenye taa huku macho yako kwenye simu. Mkono, jicho na mdomo viende pamoja, la sivyo ni mchezo wa kuigiza.

Pili, kila wiki chagua hitilafu moja: pointi (reli za kugeuzia treni njia) zimekataa kufunga, kipande cha njia kinaonyesha kina treni na treni haipo, simu imekufa. Taja kwa kichwa hatua tano za kwanza. Halafu fungua kitabu cha kanuni ujisahihishe, na uandike ulipojikwaa. Kwa mwaka ni mara 52. Mtu aliyefanya hivyo miaka mitatu hana hali ya umashine usiku jambo linapochacha.

Tatu, omba ruhusa ya kupanda kichwa cha treni mara moja kwenye sehemu unayoiongoza. Wengi hukaa miaka wakiwasha taa ambazo hawajawahi kuziona zikitokea ghafla nyuma ya kona.

Na huenda unachokiita umashine ni usingizi tu. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili wa binadamu uko chini kabisa, upende usipende. Lala kwa muda wa saa moja na nusu mchana kabla ya zamu ya kwanza ya usiku. Vinywaji vya kuchangamsha maliza kabla ya nusu ya pili ya zamu, na chumba chako cha mchana kiwe na giza la kweli. Kama kanuni zenu zinaruhusu kupumzika kidogo mwenzako akishika kazi, dakika 20 zinatosha, na usiguse kitu hadi uwe umeamka robo saa nzima.

Mwaka jana mtu aliingia mbele ya treni yangu. Uchunguzi ulisema sina kosa. Nimeendesha miaka 19. Sasa nikikaribia pale mikono inatoa jasho, na usiku naliona tukio. Wenzangu wananiambia nijikaze kiume. Kazi niliyoipenda nimeanza kuichukia.
*Dereva*

Pole sana, ndugu yetu. Tunaanza na hesabu kwa sababu wewe ni dereva na moyoni unaifanya kila usiku. Kwa kilomita 80 kwa saa treni inakula mita 22 kila sekunde. Mtu akiingia njiani mita 100 mbele yako, una sekunde nne na nusu. Treni ya mizigo inayopunguza mwendo kwa nusu mita kwa sekunde, kila sekunde, huhitaji karibu mita 500 baada ya breki kukamata, na haikamati yote kwa pamoja, kwa kuwa upepo lazima utoke kwenye bomba kuanzia mbele hadi behewa la mwisho. Gurudumu hugusa reli kwa eneo lisilozidi sana ukucha wa kidole gumba, chuma juu ya chuma. Hakuna mkono wa dereva uwezao kubadilisha hilo.

Hesabu hiyo inaondoa hatia, haiondoi picha. Picha na jasho vikipita mwezi mmoja baada ya tukio, hiyo si woga wala udhaifu. Ni jeraha lenye tiba, na wewe sasa una mwaka. Tafuta mwanasaikolojia au mshauri anayeshughulika na watu waliopatwa na matukio ya kutisha, na umweleze wazi kwamba linajirudia. “Kujikaza” maana yake huwa kulikwepa, na kadiri unavyolikwepa ndivyo linavyozidi kukufuata. Pombe na dawa za usingizi za kujinunulia zinaharibu usingizi huo huo unaoutafuta, na zinakutoa kazini kwa kosa ambalo, safari hii, litakuwa lako kweli.

Mwombe mkuu wako urejee kwa hatua. Pita pale kwanza ukiwa umekaa pembeni, mwingine anaendesha, mchana, safari kadhaa. Kisha endesha ukiwa na mwenzako. Mwisho peke yako. Ukikwama hatua moja, rudi iliyotangulia bila aibu. Na siku ambayo picha inakujia ukiwa umeshika breki, sema kabla ya zamu inayofuata. Kama umewahi kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usisubiri miadi: mwambie mtu leo, nenda hospitali leo.

Kuhusu kuichukia kazi, usiiamulie sasa. Kuhamia kwa muda kwenye uwanja wa kupanga mabehewa au kufundisha madereva wapya ni kuendelea na ufundi ule ule kwa mwendo mwingine.

Kwa wenzake wanaosoma hapa: likitokea tena, dereva asiachwe peke yake kwenye kichwa cha treni, mwingine aiondoe treni, asijiendeshe kurudi nyumbani, na asisimulishwe upya na kila anayefika. Mpigieni simu wiki ya pili. Wiki ya kwanza kila mtu hupiga.

Nimebakiza miaka minne nistaafu. Nakagua mabehewa. Vijana wana vifaa vya kupima joto na hawana subira na mimi. Ninachokijua kitazikwa pamoja nami?
*Mkaguzi mzee*

Kitazikwa ukikihutubia. Kitabaki ukikigawa vipande vidogo na kumwachia kijana akigundue mwenyewe.

Mzee wetu, kaa uandike makosa matatu ambayo wewe huyapata na kifaa hukosa. Tutakisia la kwanza ni gurudumu lililochubuka likawa na bapa. Kijana huambiwa “sikiliza mlio wa kugonga”, na kwenye treni kila kitu kinagonga. Mpe kipimo. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 92 lina mzunguko wa mita 2.89. Treni ikitembea kilomita 20 kwa saa, bapa moja linagonga karibu mara mbili kwa sekunde, tena kwa mpigo usiobadilika. Kisha mpe tofauti inayowachanganya wageni wote: kiungo cha reli kinagonga mahali pamoja, kila gurudumu likipita pale. Bapa linasafiri na behewa lake. Msimamishe sehemu salama, mwambie apige paja kwa kiganja kufuatana na mlio huo, na atazame mlio unaelekea wapi. Treni tatu zinatosha kumfungua sikio.

Halafu muulize bapa limetoka wapi. Mara nyingi jibu ni breki ya mkono iliyosahaulika ikiwa imefungwa: gurudumu haligeuki, linaburutwa kama kiatu, na chuma kinalika upande mmoja. Hapo kijana anaacha kuandika kosa na kuanza kulifuatilia hadi uwanjani lilikoanzia.

La pili ni joto. Kifaa kinampa namba, wewe mfundishe kulinganisha. Beringi moja yenye joto kuliko wenzake wa upande ule ule ni habari. Upande mzima wenye joto huenda ni jua. Na kama uso wa gurudumu unachoma lakini beringi ina uvuguvugu tu, usimlaumu beringi, breki ya behewa hilo inakokota.

La tatu ni upepo. Katika reli nyingi bomba la breki hujazwa hadi baa 5, na breki hukamata presha inaposhuka. Ndiyo busara ya mfumo ambao George Westinghouse aliutoa mwaka 1872: bomba likikatika, treni inajisimamisha. Wengi hukagua nusu tu ya jaribio. Wanashusha presha, wanaona viatu vya breki vimebana, wanaondoka. Nusu ya pili ni kurudisha presha na kutembea tena treni nzima kuhakikisha kila kiatu kimeachia. Kile ambacho hakikuachia ndicho kitakachotengeneza bapa la kesho. Mvujo mdogo utafute kwa maji ya sabuni kwenye viungo vya mipira.

Sasa namna ya kufundisha. Dakika 20 kwa zamu, kosa moja kwa wiki. Kijana akague kwanza, wewe ukae kimya. Kisha ukague wewe, mlinganishe, aandike yeye. Usimsahihishe mbele ya wenzake, na neno “enzi zetu” lipumzishe. Mwambie akuonyeshe kifaa chake kinavyofanya kazi, umwulize maswali ya kweli. Mara nyingine kifaa kitakuwa kimepata kabla yako, nawe useme hivyo. Milio mibovu irekodiwe, faili zipewe majina yenye aina ya behewa na mwendo, ila arekodi aliyesimama mahali palipotengwa, asiwe mtu anayekagua. Simu mkononi kando ya njia imeshaua watu.

Na chukua wanafunzi wawili. Mmoja akihamishwa, kazi yako ya miaka minne isihame naye.

Nina miaka 24, nimepata nafasi kwenye kitengo cha njia. Naambiwa magari ya kupima njia yatatuondoa wote. Nijitose?
*Msichana anayeanza*

Jitose, mwanetu. Gari la kupima litakuambia kona imeharibika wapi. Kwa nini imeharibika, na irekebishwe usiku gani bila kuvuruga treni za asubuhi, bado ni kazi ya mtu. Jifunze kipimo cha uzi kabla ya kipimo cha mashine. Vuta uzi wa mita 20 uguse uso wa ndani wa reli ya nje ya kona, pima kutoka katikati ya uzi hadi kwenye reli. Milimita utakazopata ni 50,000 gawanya kwa nusu kipenyo cha kona kwa mita: kona ya mita 500 itoe 100. Sogea mita 10, pima tena. Ukiona 100, 101, 99, halafu 118, halafu 84, umeshapata pa kuchimbia, na gari likileta karatasi yake utajua kama linasema kweli.

Nimestaafu miezi mitano sasa. Naamka saa tisa usiku kama nina zamu. Mke wangu anasema nimekuwa stesheni isiyopitiwa na treni.
*Mstaafu*

Msalimie mama, kalamu yake ni kali kuliko yetu.

Mwili wako umefuata ratiba miaka mingi, mpe nyingine. Chagua saa maalumu ya kuamka, uishike hata Jumapili, utoke kwenye mwanga wa jua nusu saa ya kwanza, na usilale mchana zaidi ya dakika 20. Usipopata usingizi saa tisa, toka kitandani ukae penye mwanga hafifu hadi ukujie. Hesabu wiki kadhaa kabla haujatulia.

Hizo saa za asubuhi zipe kazi. Chora ramani ya sehemu uliyoitumikia, karatasi ndefu, sentimita 10 kwa kila kilomita. Weka madaraja, makutano ya barabara, mahali ng'ombe huvukia, kona ambazo ukungu hulala, tuta lililowahi kuteleza na mwaka wake, alama ya maji yalipofika mafuriko yakiwa makubwa. Michoro ya ofisini ina vipimo vyote hivyo vya chuma na zege, lakini haina ng'ombe wala ukungu. Ukimaliza, wapelekee genge nakala, nyingine ubaki nayo.

Anza na makalvati yanayojaa kwanza mvua ikinyesha.